Urithi wa Maumbile na Maradhi katika Nasaba Safi za Mbwa: Mfano wa Basenji
Basenji ni mbwa wa misitu ya Kongo, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni. Uzao wake wa Ulaya na Marekani ulitokana na mbwa wachache waliochukuliwa Afrika tangu miaka ya 1930. Kwa kupandisha mbwa wa nasaba hiyo tu, wafugaji waliyadumisha maumbile hayo; lakini maradhi nayo hurithiwa kwa njia ileile.

Mfano ni upungufu wa damu unaotokana na kasoro ya kimeng'enya katika seli nyekundu. Jeni yake hujificha: mbwa aliyerithi nakala moja huonekana mzima. Wawili wa namna hiyo wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi nakala mbili na kuugua.

Ili kuipanua nasaba hiyo, mwaka 1990 American Kennel Club ilifungua upya daftari la usajili na kuwaingiza mbwa walioletwa kutoka Zaire, wakiwamo wenye rangi ya michirizi.

Kwa mfugaji wa Kigali anayetafuta mbwa wa nasaba safi, umbo zuri pekee si ushahidi wa afya. Wazazi hawana budi kupimwa jeni kabla ya kupandishwa.