MBARARA: MJI ULIOZALIWA KANDO YA MTO WETU

Leo twende Mbarara kidogo, bila kulipa nauli ya taksi.

Juzi darasani mtoto mmoja aliniuliza: "Mwalimu, Mbarara ilianzishwa na nani?" Kabla sijajibu, mwenzake akamkatiza: "Hiyo ni historia ya Wanyankole, siyo yetu." Darasa likacheka. Mimi nikaona haya, maana napita Masha kwenda Mbarara kila mara na jibu sikuwa nalo. Basi nikasoma, nikauliza wazee.

Kabla ya mji

Hapo zamani ufalme wa Nkore haukuwa na mji mkuu wa kudumu. Mfalme, wanayemwita Omugabe, alihamisha boma lake akifuata majani na maji ya ng'ombe. Hii Isingiro tunayoishi ndiyo ilikuwa kiini cha Nkore ya kwanza. Kumbe tunalima kwenye nchi ya wafalme!

Mbarara yenyewe ilikuwa malisho karibu na mto Rwizi. Wazee wanasema jina limetokana na emburara, majani marefu yaliyoota pale.

Miaka ya 1890 ilikuwa mibaya sana. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na mwaka 1895 Omugabe Ntare V akafariki. Waingereza walipofika, walikuta ufalme uliochoka. Mwaka 1898 ofisa wao Macallister akafungua kituo cha serikali Mbarara. Mwaka 1901 ukasainiwa Mkataba wa Ankole, Kahaya akiwa Omugabe. Falme ndogo za jirani zikaunganishwa na Nkore, na si wote walifurahi.

Mji wa waliokuja

Kituo kikavuta watu: askari, makarani, Waganda waliofundisha dini na kusoma, Wahindi wenye maduka. Waanglikana wakajenga kilima cha Ruharo, Wakatoliki Nyamitanga, ng'ambo ya mto. Mwaka 1911 ikaanza Mbarara High School.

Sasa sikieni hili. Mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote katika siku hizo aliitwa Nuwa Mbaguta. Alikuwa Enganzi, yaani waziri mkuu, kwa miaka zaidi ya 30. Je, alizaliwa Nkore? Hapana. Alitoka Mpororo, akaingia kwa Ntare akiwa kijana mgeni. Wengine walimpenda, wengine walimlaumu kwa kushirikiana sana na Waingereza. Lakini hakuna anayesimulia mwanzo wa Mbarara akamruka.

Mji umepata shida pia. Vita vya 1979 viliharibu majengo mengi. Watu wakarudi, wakajenga tena. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikawa jiji.

Mto haujali mpaka

Rwizi unaanzia milima ya Buhweju, unapita Mbarara, halafu unashuka kuelekea maziwa ya upande wetu, Mburo na Nakivale. Maji ya ziwa hili ndiyo tunayopampiwa kambini tangu nyuma, na kambi yenyewe iko hapa tangu zamani. Kwa hiyo takataka inayotupwa mtoni mjini inatuhusu. Na sisi tukilima mpaka ukingo wa ziwa, udongo ukaingia ndani, tutamlaumu nani? Ziwa likikauka halitauliza nani mwenyeji, nani mkimbizi.

Yule mtoto aliyekatizwa nimempa jibu: mji huo ulianzishwa na wenyeji waliokuwa na ardhi, watawala waliokuja na nguvu, na wageni waliokuja na mikono yao. Kwa hiyo historia yake inamhusu kila anayekunywa maji ya Rwizi.

Kazi ya nyumbani kwa familia: jioni moja, mzazi awasimulie watoto jinsi mji wenu ulivyoanza, iwe Uvira, Bukavu, Bujumbura au mwingine. Nani alifika kwanza? Walifuata nini? Watoto waandike, walete darasani.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.