Tembea Naye Taratibu: Bath kwa Njia ya Mfereji

Si lazima hoteli ya kifahari ili mzungumze. Wakati mwingine mnachohitaji ni raba nzuri, njia tambarare na nusu siku isiyo na haraka.

Watu wengi wakifika Bath, mji wa kale ulioko kusini magharibi mwa Uingereza, hufanya mambo yaleyale. Wanaingia kwenye mabafu ya Warumi, ambako maji ya moto ya nyuzi 46 yanabubujika kutoka ardhini mpaka leo. Wanapiga picha mbele ya Royal Crescent, zile nyumba 30 zilizojengwa kwa nusu duara kati ya 1767 na 1774. Wanakunywa chai, wananunua sabuni za zawadi, halafu wanawahi treni ya kurudi London, safari ya kama saa moja na nusu.

Si vibaya. Mji uko kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu 1987, na unastahili. Lakini kama umekuja na mwenzi wako, na mna wiki kadhaa, pengine miezi, hamjakaa mkaongea vizuri, basi utamu wa Bath hauko kwenye foleni ya tiketi. Uko nyuma ya stesheni, dakika chache tu kwa miguu. Hapo ndipo unapoanzia mfereji.

Kwa nini mfereji?

Jibu rahisi: kwa sababu hauna mlima. Kennet and Avon Canal ulichimbwa kwa ajili ya maboti ya mizigo, chini ya mhandisi John Rennie, na ukakamilika mwaka 1810. Maji hayapandi kilima, kwa hiyo mfereji unafuata ubavu wa bonde, ukikunja pale bonde linapokunja. Ukishapita malango sita ya maji pale Widcombe, mwanzoni kabisa, una kama kilomita 14 mpaka mji mdogo wa Bradford-on-Avon bila kukutana na lango jingine. Yaani ni tambarare tupu. Hata yule ambaye mazoezi yake ni kutoka kwenye kochi kwenda kwenye friji atafika.

Njia mnayotembea ilikuwa ya farasi. Zamani maboti hayakuwa na injini; farasi alitembea kando akivuta kamba, na boti ikamfuata polepole. Halafu mwaka 1841 reli ya London hadi Bristol ikakamilika, na biashara ya mfereji ikaanza kudorora. Kufikia katikati ya karne ya 20 sehemu kubwa ilikuwa haipitiki, imejaa tope na magugu. Watu wa kujitolea walihangaika nao kwa miongo kadhaa, mpaka Malkia Elizabeth II akaufungua upya mwaka 1990. Mkiwa mnapita hapo na mambo yenu yamekwama, hebu likumbukeni hilo.

Kipande kwa kipande

Kipande cha kwanza, mpaka kijiji cha Bathampton, ni kama kilomita 3. Mkipita Widcombe, chunguliеni lile lango lenye kina cha karibu mita 6. Ni miongoni mwa malango yenye kina kirefu zaidi Uingereza. Baadaye mfereji unakatiza Sydney Gardens, bustani iliyofunguliwa mwaka 1795, chini ya madaraja mawili ya chuma ya mwaka 1800. Kisha nyumba zinaisha, mashamba yanaanza, na ng'ombe wanawatazama kama vile mmechelewa. Bathampton kuna baa ya zamani, The George, iko palepale kando ya maji. Kama mna mtoto kwenye kigari, au mmoja wenu amevaa viatu vya kuonekana zaidi kuliko vya kutembelea, ishieni hapa, kuleni na mrudi. Hakuna atakayewacheka.

Kipande cha pili ni cha miti na ukimya. Mwezi wa nne na wa tano mtasikia harufu ya kitunguu saumu hewani na kudhani kuna mtu anakaanga kitu. Hamna. Ni kitunguu saumu cha mwituni kimetanda chini ya miti. Kando ya maji zimefungwa boti ndefu nyembamba, zimerundikwa kuni, baiskeli na vyungu vya maua juu ya paa. Nyingi kati ya hizo ni nyumba za watu, kwa hiyo salimieni mpite, msichungulie madirishani.

Mtapita Claverton, kwenye mtambo uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 ili gurudumu linalozungushwa na mto lipandishe maji ya mto huohuo hadi kwenye mfereji. Halafu Dundas. Hapa, baada ya kama kilomita 9, mfereji mzima unavuka juu ya mto kwa daraja la mawe lenye matao matatu. Maboti yanapita juu, mto unapita chini, na ninyi mmesimama katikati. Hapa ndipo pa picha.

Mbele kuna Avoncliff, daraja jingine la aina hiyohiyo, ila tao lake la katikati limelegea kidogo kwa uzee na bado linabeba mzigo. Kuna kituo kidogo cha treni ambacho kitamfurahisha yeyote aliyezoea daladala: treni haisimami mpaka uinyooshee mkono dereva. Waliobaki na nguvu wanamalizia kilomita 2 na ushei hadi Bradford-on-Avon, kuona ghala la mawe la karne ya 14 lenye urefu wa mita 51. Safari nzima ni kama kilomita 16, na treni ya kurudi Bath ni kama robo saa.

Maneno yanayotoka njiani

Nawafahamu mume na mke, wote wa Dar, ambao mke alikwenda Bath kusoma shahada ya pili. Mume alimfuata kwa wiki mbili mwezi wa tano, baada ya miezi minane ya kuongea kwa simu. Siku tano za mwanzo, aliniambia mke, waliishi kama wageni wa hoteli moja. Kila wakikaa mezani wanaongelea ada, kodi, na nani amemtumia nani pesa. Kumbe mke alikuwa na jambo: amepata nafasi ya kazi ya mwaka mmoja, na hakujua aanzie wapi.

Alilisema njiani, baada ya Claverton. "Nilikuwa natazama maji, sikumtazama yeye," anasema. "Chumbani nisingeweza." Mume hakujibu. Walitembea karibu saa nzima kimya, baiskeli zikiwapita, na kimya kile hakikuwa cha kununiana. Kilikuwa cha mtu anayefikiri huku miguu inaenda. Walipofika Avoncliff ndipo akauliza swali lake la kwanza: "Mwaka mmoja kuanzia lini?" Hakukubali siku ile. Lakini walirudi wakiwa na tarehe mbili za kujadili badala ya ugomvi, na mwisho wakakubaliana miezi sita.

Mkikaa uso kwa uso, kila neno linaonekana kama kesi mahakamani. Mkitembea bega kwa bega, mnatazama upande mmoja. Ukitaka kunyamaza, kuna bata maji wa kutazama. Ukizidisha maneno, kengele ya baiskeli inakukatisha na unapata nafasi ya kuanza upya kwa sauti ya chini. Na hakuna anayeweza kuinuka akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mkibaki siku ya pili

Kama miguu bado inataka, pandeni kwenye vilima. Njia ya Bath Skyline ni duara la kama kilomita 10 kupitia malisho na misitu, na mji wote unaonekana chini. Ina mwinuko, lakini si wa kuua mtu. Njiani mtakuta Sham Castle, "ngome" iliyojengwa mwaka 1762 ili mandhari yapendeze kwa kuitazama toka mjini. Zungukeni nyuma yake: hakuna chumba wala paa, ni ukuta wa mbele tu! Mada ya uhusiano hiyo, bila mwalimu.

Na mkiwa upande wa magharibi wa mji, mjue kwamba Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia aliishi huko uhamishoni, katika nyumba iitwayo Fairfield House, kuanzia 1936 hadi 1940, Waitaliano walipoivamia nchi yake.

Kabla hamjatoka

• Vaeni raba au buti zenye soli ya kushika. Mvua ikinyesha, njia ina matope. Koti la mvua ni lazima hata kiangazi.

• Chagueni mwezi. Juni mwanga upo mpaka karibu saa tatu na nusu usiku; Desemba jua linazama kama saa kumi jioni.

• Mnaogopa kukosa treni? Igeuzeni safari: nendeni na treni asubuhi mpaka Bradford-on-Avon, mrudi Bath kwa miguu.

• Shikaneni mikono, lakini mkisikia kengele sogeeni upande mmoja. Njia ni ya baiskeli pia.

• Majira ya kuchipua bata maji wana vifaranga. Ni wazuri, ila ni wakali. Wapeni nafasi.

• Simu zikae kwenye begi. Moja itoke kuangalia ratiba ya treni, basi.

• Msipange ajenda. Kama una jambo zito, libebe tu. Kilomita 16 ni nyingi; litapata mahali pake pa kutokea.