Bastola Ndogo na Ulinzi wa Uhai: Je, Yategemeka?

Wapo miongoni mwetu wafanyabiashara na wazazi ambao, kwa hofu ya ujambazi, hutafuta leseni ya kumiliki bastola. Wengi huvutiwa na ile ndogo, kwa kuwa ni nyepesi na hufichika kwa urahisi. Tunaona vema kueleza jambo ambalo muuzaji huenda asilitaje.

Katika bastola nyingi za kisasa, nguvu ya risasi inapofyatuka husukuma nyuma sehemu ya juu ya silaha. Sehemu hiyo hutupa nje ganda tupu, kisha springi huirudisha mbele ikiwa imebeba risasi nyingine. Katika bastola ndogo safari hiyo ni fupi na springi ni ngumu zaidi, hivyo nafasi ya kukosea ni finyu. Kiganja kikilegea, uchafu wa mfukoni ukijaa au risasi zisipoiafiki, silaha yaweza kukwama baada ya risasi ya kwanza.

Udogo una gharama nyingine. Mtutu wa Glock 17 una urefu wa milimita 114, na magazini yake ya kawaida hubeba risasi 17; Glock 43 ina mtutu wa milimita 86 na risasi 6. Kadiri mtutu unavyokuwa mfupi na silaha kuwa nyepesi, ndivyo inavyoruka zaidi mkononi na kulenga kunavyokuwa kugumu. Bastola ndogo ya silinda haitegemei uimara wa kiganja ili kuendelea kufyatua, lakini kifyatulio chake huwa kizito na huyumbisha shabaha. Basi, kutegemeka kwa silaha ndogo hutokana na mkono uliozoezwa na matunzo ya mara kwa mara kuliko jina la kiwanda.

Hapo ndipo dhamiri inapoguswa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2263–2265), ikimfuata Mtakatifu Thomas wa Akwino, hufundisha kwamba kujilinda kwa kiasi ni halali, hata kama mshambuliaji atapoteza maisha pasipo kukusudiwa, bali kutumia nguvu kupita inavyohitajika si halali. Kwa mwenye dhamana ya uhai wa wengine, ulinzi waweza kuwa wajibu mzito. Lakini atatumiaje nguvu kwa kiasi yule asiyejua risasi yake itatua wapi? Risasi iliyokosa shabaha hupenya ukuta na kumfikia jirani asiye na hatia.

Tena, silaha iliyo tayari kwa jambazi iko tayari pia kwa mtoto mdadisi, kwa ndugu aliyekata tamaa na kwa hasira ya usiku mmoja nyumbani. Kwa hiyo anayemiliki bastola kisheria ana wajibu wa kufanya mazoezi chini ya mkufunzi, kuijaribu kwa risasi zilezile atakazozibeba, kuisafisha, na kuifungia mbali na wengine. Asiyeweza kutimiza hayo, heri aimarishe mlango na taa, apunguze fedha taslimu dukani na kushirikiana na majirani katika ulinzi.

Amri ya tano yatutaka tuulinde uhai. Tusiukabidhi kwa chombo tusichokimudu.