Namba tano si lazima awe mnazi

Darajani hapana daraja. Mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulishafukiwa zamani, daraja likaondoka, jina likabaki. Anayefika pale hashangai kutoyaona maji.

Kwenye mpira wa kikapu nako kuna jina lililobaki wakati kazi yake imehama: senta, yaani namba tano. Kwenye soka namba tano tunamjua, ni beki wa kati. Wa kikapu naye hayuko mbali: analinda goli, anagombea mipira ya juu, anasukumana na wenye miili. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi mwalimu alimchagua kwa macho tu. Wewe mrefu kuliko wote, kaa chini ya ringi, usitoke.

Siku hizi pale anawekwa mtu wa mita 1.98, tena kwa makusudi, na makombe yanakuja.

Mpenzi wa soka hili halimpi tabu kulielewa. Mei 2, 2009, Pep Guardiola alimtoa Lionel Messi pembeni akamweka katikati, pale Bernabéu. Mabeki wa Real Madrid wakamtafuta namba tisa wa kukabana naye, wasimuone. Akirudi nyuma, wamfuate au wabaki? Barcelona ilishinda 6-2. Senta mfupi ni huyo huyo namba tisa wa uongo, na anamuachia jitu la mita 2.16 swali lile lile. Jitu limezoea kivuli cha ringi. Mfupi anasimama mbali, nje ya mstari wa pointi tatu. Likimfuata, limeacha mlango wazi na wenye mbio wanapita. Lisipomfuata, anatupa, au anapiga pasi hana wa kumsumbua.

Fainali ya NBA ya 2015 ndiyo iliyolipeleka jambo hili dunia nzima. Golden State Warriors walikuwa nyuma 2-1 dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Kocha Steve Kerr alikuwa na senta wa kweli, Andrew Bogut, mita 2.13. Kijana mmoja wa benchi lake la ufundi, Nick U'Ren, aliyekuwa akiangalia mikanda ya fainali ya mwaka uliotangulia, akashauri Bogut akae nje, Andre Iguodala aanze, na Draymond Green apande kuwa namba tano. Green ni huyo wa 1.98, mchezaji aliyechaguliwa wa 35 mwaka 2012.

Mechi ya nne jitu la Cleveland, Timofey Mozgov, lilifunga pointi 28. Ukisikia hivyo utadhani mpango ulifeli. Cleveland ilipigwa 103-82. Kila Mozgov alipofunga ndani, wenzake walikuwa wanakimbizwa nje, na mwenyewe hakuwa na miguu ya kuwafuata. Mechi ya tano kocha wake alimpa dakika tisa tu. Warriors walichukua ubingwa 4-2, Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali.

Watu wanauliza, mfupi anakabaje? Anakaba kabla mpira haujafika. Anashusha kiuno, anamsukuma mrefu hatua mbili mbali na ringi, ampokelee mpira mahali asipopapenda. Fabio Cannavaro alikuwa na mita 1.76 na aliinua Kombe la Dunia 2006 akiwa beki wa kati na nahodha wa Italia, kisha akapewa Ballon d'Or. Hakuna aliyemuuliza kimo. Green ana na cha ziada: anaweza kubadilishana watu na wenzake na akamkaba hata mchezaji mwepesi kabisa. Na Stephen Curry akifungiwa na wawili, mpira unamfikia Green katikati, wanne kwa watatu, kama shambulizi la kushtukiza.

Kwetu Watanzania hadithi hii ina kidonda. Haijapita miezi miwili tangu zile sita za Bernabéu, Juni 25, 2009, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mita 2.21. Alikuwa wa pili kwa jumla. James Harden alikuwa wa tatu, Curry wa saba. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu.

Lakini dalili ilikuwepo. Februari 16 mwaka huo huo, siku aliyotimiza miaka 22, Thabeet na chuo chake cha Connecticut walikutana na Pittsburgh. Senta wa Pittsburgh alikuwa DeJuan Blair, mita 2.01, sentimita ishirini chini yake. Blair alifunga 22 na kudaka ribaundi 23. Kuna wakati waligombea mpira, Thabeet akarushwa juu ya bega la Blair kama gunia la karafuu. Aliondoka na pointi tano.

NBA alipita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake huko ikaisha. Wapo wanaomcheka mpaka leo. Mimi siwaungi mkono. Alianza kikapu akiwa na miaka 15, akafundishwa kazi ya mlinzi wa geti, na alipofika geti lenyewe likawa linahamishwa.

Ufupi nao si dawa ya kila kitu. Februari 2020 Houston Rockets walimuuza Clint Capela, senta wao, wakamkabidhi kazi P.J. Tucker wa mita 1.96. Raundi ya pili Lakers wakawatoa 4-1. Na siku hizi majitu yamerudi: Nikola Jokić ana mita 2.11 na aliipa Denver ubingwa wa 2023, ila anapiga pasi kama namba kumi.

Ndiyo maana kwenye viwanja vyetu vya skuli hapa Unguja ninayemuonea huruma zaidi ni kijana mrefu. Mfupi ameshaambiwa hatocheza chini ya ringi, basi amekwenda kujifunza kudunda mpira, kupiga pasi, kutupa kutoka mbali. Mrefu kila akiushika mpira anapigiwa kelele autoe.