Kukua na Kuzaa: Maneno Mawili katika Habari za Seli

Katika delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo wilayani Kibiti, mpunga hutegemea maji matamu ya mto kuisukuma nyuma chumvi ya bahari. Chumvi ikirudi mapema, shamba lenye majani laweza kukosa punje. Basi mkulima hachanganyi kukua na kuzaa.

Waandishi wetu wa sayansi huchanganya. Seli za wanyama zikuzwazo chupani zataka joto la nyuzi 37, sukari, hewa, na chumvi kwa kipimo. Asidi ya maziwa na amonia, taka zao wenyewe, huzidhuru. Lakini joto likishushwa hata nyuzi 32 hivi, huongezeka polepole, na mara nyingi (si kwa aina zote) kila seli hutoa protini nyingi zaidi.

Huko Muguga, Kenya, Plowright na Ferris walizalisha virusi vya sotoka katika seli za figo za ndama, wakaieleza chanjo yao mwaka 1962. Maradhi hayo yalitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hapo seli ndizo zilizokuzwa, virusi vikazalishwa. Asemaye protini “zilikuzwa” hatuambii kama zilizoongezeka ni seli au mazao ya kila seli.