Theluthi Mbili ya Nani?

Tuchukue mfano wa chama kidogo cha akiba, kile ambacho Wanyarwanda hukiita ikimina, chenye wanachama 30 huko Masoro, mashariki ya Jiji la Kigali, penye eneo maalumu la viwanda. Baadhi ni wafanyakazi wa viwandani, wengine ni askari polisi na wake wa wanajeshi. Siku ya mkutano wamehudhuria 24. Hoja iliyo mbele yao ni kununua kiwanja kwa akiba ya mwaka mzima, na katiba yao yasema kwamba hoja ya fedha itapita "kwa theluthi mbili". Wanaounga mkono ni 15, wanaopinga ni 6, na watatu wamekaa kimya.

Je, hoja imepita?

Mwenyekiti akihesabu kura zilizopigwa tu, yaani 21, theluthi mbili ni 14 na kiwanja kitanunuliwa. Akihesabu waliohudhuria, zinatakiwa 16, na hoja imeanguka kwa kura moja. Akihesabu wanachama wote, zinatakiwa 20. Mikono iliyoinuliwa ni ile ile, lakini ada za shule za watoto zimo ndani ya fedha hizo, na hapo ndipo majirani huanza kutosalimiana.

Wala si vikundi vya mtaani pekee vinavyokutana na hesabu hii. Mwezi Julai 2016, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana hapa hapa Kigali kumchagua Mwenyekiti wa Kamisheni. Wagombea walikuwa watatu, mmoja wao Dk. Specioza Wandira Kazibwe wa Uganda. Kanuni ilitaka theluthi mbili ya nchi zenye haki ya kupiga kura, siyo ya kura zilizopigwa. Nchi nyingi zilijizuia, na kwa kanuni hiyo kujizuia hakumpunguzii mgombea mzigo hata kidogo. Hakuna aliyefikisha idadi. Wajumbe walirudi makwao bila mshindi, na Moussa Faki Mahamat wa Chad akachaguliwa Januari 2017, mjini Addis Ababa.

Mwezi Februari 2025 hesabu ilikuwa kali zaidi. Kati ya nchi 55, sita zilikuwa zimesimamishwa, zikabaki 49. Theluthi mbili yake ni 33. Marehemu Raila Odinga wa Kenya aliongoza duru ya kwanza kwa kura 20 dhidi ya 18 za Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, na wengi redioni walikwisha kushangilia. Lakini kuongoza siyo kushinda. Katika duru ya saba, akiwa amebaki peke yake, Youssouf alipata 33 kamili.

Turudi Masoro. Wale sita ambao hawakuhudhuria, yamkini mmoja yuko zamu na mwingine amepelekwa mbali, kama wale walioanza kupelekwa Cabo Delgado mwaka 2021. Mke wake aweza kuhudhuria mkutano, lakini kura ni ya mwanachama. Ikiwa katiba yaruhusu uwakilishi, mume aache barua yenye sahihi kabla ya kuondoka, ikitaja mkutano na hoja yenyewe. Ikiwa katiba haisemi lolote juu ya uwakilishi, jambo hilo liulizwe mapema, si siku ambayo mikono tayari imeinuliwa.

Hali kadhalika itazamwe akidi, yaani idadi ya chini ya kufungulia mkutano. Mkutano ulioanza na watu 24 ukamalizika na 11, baada ya wengine kuwahi basi la jioni, huenda umepoteza uwezo wa kuamua lolote. Katibu na aandike idadi tatu: waliokubali, waliokataa, waliojizuia.

Na yale maneno mawili ya katiba yanahitaji kuongezewa machache tu: "theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria", au "ya kura zilizopigwa", kama wenyewe watakavyoona. Ila wayaongeze kabla mwenye kiwanja hajaja kudai arubuni yake.