KIPIMO KIMOJA KWA WOTE

Sisi wa Mafia tunakijua kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja. Lakini kibaba cha nani?

Siku moja niliwakuta kina mama wawili wakigombana. Mmoja alimkopesha mwenzake vibaba vinne vya mchele. Akarudishiwa vibaba vinne. Lakini kopo la kulipia lilikuwa limebonyea. Hesabu ilikuwa sawa, mchele ulipungua. Hakuna aliyeiba. Vipimo vilitofautiana.

Wataalamu wa sayansi nao walipatwa na jambo hili.

Vitu vyote, kama maji, nazi na hata mwili wako, vimejengwa kwa chembe ndogo sana. Chembe hizo huitwa atomi. Huwezi kuweka atomi moja kwenye mizani ya duka. Basi wataalamu walizilinganisha: hii ni nzito mara ngapi kuliko ile? Kwa kazi hiyo walihitaji kibaba chao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, Mwingereza John Dalton alichagua haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote. Akaipa uzito wa 1. Baadaye wataalamu walihamia oksijeni, ile tunayoivuta katika hewa, wakaipa 16. Oksijeni huungana na vitu vingi, hivyo ni rahisi kulinganisha nayo.

Mwaka 1929 shida ikajitokeza. Iligunduliwa kuwa atomi za oksijeni hazilingani zote. Chache ni nzito zaidi. Wataalamu wa kemia waliendelea kutumia oksijeni yote iliyochanganyika. Wataalamu wa fizikia walitumia ile aina nyepesi peke yake. Wote waliandika 16, lakini vibaba vilikuwa viwili! Tofauti haikufika sehemu 3 katika kila 10,000. Hata hivyo, hesabu zao hazikulingana.

Nani aache kipimo chake? Wanakemia wangefuata cha wanafizikia, wangelazimika kusahihisha vitabu vingi mno. Ndipo kikatafutwa kipimo cha tatu, nacho ni kaboni. Kaboni ndiyo iliyojaa katika mkaa, hata mkaa wa vifuu vyetu vya nazi. Ilichaguliwa aina moja tu, ile iliyo nyingi, iitwayo kaboni-12. Ikapewa uzito wa 12 kamili. Hesabu za kemia zilibadilika kidogo sana. Wanafizikia nao walipata aina moja isiyochanganyika. Wanafizikia walikubali mwaka 1960, wanakemia mwaka 1961. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo dunia nzima.

Ndugu msomaji, kipimo kimoja huondoa ugomvi. Basi unapouza mbata au samaki, kumbuka haya:

1. Tazama mizani kabla ya kuweka mzigo. Mshale usimame kwenye sifuri.
2. Tafuta alama ya Wakala wa Vipimo.
3. Soma kilo mwenyewe, uandike katika daftari lako.

Sasa unajua kusoma. Usisomewe mizani na mnunuzi.